Moto wa Juni na Moto wa Septemba: Safari ya Nsemulwa

Safari hii sikuikusudia iwe ya kuandika habari za moto. Mwishoni mwa Septemba 2023 nilitoka Tabora pamoja na akina mama wanne wa kanisa letu, kwenda Nsemulwa kumjulia hali mama mmoja mjane aliyeungua mguu. Kwa kuwa mimi ni muuguzi, nilikabidhiwa mkoba wa bandeji. Wenzangu walibeba sukari, sabuni na kitenge. Tulidhani tutamwona mgonjwa, tutasali naye, kisha tutarudi nyumbani. Kumbe tulikuwa tunakwenda shule.

NJIANI

Wazee wetu waliifahamu Mpanda kwa treni. Tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na mji ukakua kandokando ya stesheni. Sisi tulipanda basi, kwa maana siku hizi ipo barabara ya lami inayopita Koga. Kwa saa nyingi huoni kitu kingine ila miyombo, miti iliyosimama kwa nafasi, na nyasi chini yake.

Misitu hii ina tabia moja ya ajabu. Haingojei mvua ndipo ivae majani. Mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa kavu kama kigae, mtundu na myombo huchipua majani mapya, mengine mekundu, mengine ya rangi ya shaba, na baada ya muda hugeuka kijani. Maua yake nayo hutoka katika majira hayo hayo. Ndiyo maana mfuga nyuki wa Tabora au wa Mpanda huitazama Septemba kama mkulima anavyoitazama Machi.

Lakini siku ile uzuri huo tuliuona kwa vipande tu. Kila baada ya mwendo fulani tulikuta pori limekuwa jeusi, magogo bado yanafuka, na yale majani mekundu yamenyauka yakiwa mchanga. Mwenzetu mmoja alifunga dirisha la basi kwa sababu ya moshi. Dereva akasema, "Hiyo ni kawaida, mama. Kila mwaka ni hivyo." Neno hilo "kawaida" lilinisumbua siku zote tatu nilizokaa kule.

NSEMULWA

Nsemulwa ni kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, mji ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Ukiingia utaona nyumba za matofali ya kuchoma, bodaboda zikipita kwa fujo, na akina mama wakiuza nyanya na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Ni mji, lakini ni mji wenye pori mgongoni. Wakazi wengi wana shamba la mahindi, karanga au mpunga nje ya mji, na wengine wana mizinga ya nyuki huko huko.

Jioni ya siku ya kwanza jua lilizama jekundu likiwa halina miale, kama sinia la shaba. Nguo nyeupe zilizoanikwa uani zilikuwa na mabaki meusi ya nyasi zilizoungua, yaliyoletwa na upepo kutoka mbali. Mtoto wa jirani alikuwa akikohoa usiku kucha. Muuguzi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwenyeji wetu tulimkuta amekaa mkekani, mguu wa kulia umenyooshwa. Alikuwa na mizinga tisa ya kisasa, ile ya masanduku, aliyoinunua kidogo kidogo pamoja na kikundi cha akina mama. Moto ulipofika porini katikati ya Septemba, alikimbilia kuiokoa. Aliishusha mitatu. Alipokuwa akirudi kwa wa nne, kanga yake ilishika moto.

Nilipofungua kidonda nilikuta mabaki meupe. Kabla ya kupelekwa hospitali alikuwa amepakwa dawa ya meno. Aliyempaka alifanya hivyo kwa upendo, lakini usafishaji wake ulimliza mgonjwa kuliko moto wenyewe.

NENO LA MUUGUZI

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa maana ukurasa huu unaweza kuwa umefunguliwa na mama ambaye mtoto wake ataungua kesho, kwa moto wa pori au kwa uji wa jikoni.

Mtu akiungua, kwanza mwondoe kwenye moto. Kama nguo inawaka, alale chini abingirike, au umfunike kwa blanketi. Kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Yasiwe maji ya barafu. Vua pete, bangili na nguo za eneo hilo kabla ya kuvimba, lakini nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Usipake dawa ya meno, mafuta, majivu wala tope. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke kituo cha afya. Aliyeungua uso au aliyevuta moshi mwingi apelekwe upesi hata kama anasema anajisikia vizuri, kwa kuwa njia ya hewa inaweza kuvimba baadaye.

BIBI NA MITI YAKE

Asubuhi ya pili tulipanda bodaboda kwenda kuona mahali pa mizinga. Tuliongozwa na bibi mmoja mwenye umri unaopita miaka 70, ambaye marehemu mumewe alikuwa mrina asali wa mizinga ya magome. "Shikamoo, bibi," tulimwamkia. "Marahaba, wanangu. Vaeni viatu vya kufunika, majivu bado yana makaa chini yake." Alikuwa kweli.

Nilimwambia kwamba nauchukia moto. Akacheka. "Usiuchukie, mwanangu. Pori hili ni mtoto wa moto. Ila kuna moto wa Juni na moto wa Septemba. Wa Juni ni fimbo ya mzazi. Wa Septemba ni rungu la mwizi."

Alituonyesha mti mkubwa wa mninga. Gome lake lilikuwa jeusi, lakini alipolikwangua kwa kisu tuliona limenenepa, na ndani ni zima. Kisha akatuonyesha kijiti cha mninga kisichofika hata goti. Kilikuwa kimeungua hadi ardhini, na bibi akasema kitachipua tena. Nilisoma baadaye kwamba wataalamu wa misitu wanakubaliana naye. Mche wa mninga hufa juu kila kiangazi kwa miaka mingi, huku mzizi ukizidi kunenepa chini ya udongo. Siku mzizi ukishakuwa na nguvu ya kutosha, mche huruka juu kwa kasi ili kichwa chake kipite urefu wa miali ya nyasi. Lakini kama moto mkali unakuja kila mwaka, nafasi hiyo haipatikani. Miti mizee inakufa kwa uzee, na hakuna wa kurithi.

Tofauti ya miezi ile miwili ni hii. Mwishoni mwa Mei na mwezi wa Juni nyasi bado zina unyevu, usiku una baridi na umande. Moto uliowashwa jioni huenda polepole, huacha viraka visivyoungua, na mara nyingi hujifia wenyewe usiku. Mwezi wa Septemba na Oktoba nyasi ni kavu kabisa, majani makavu yamefunika ardhi, joto ni kali na upepo wa mchana una nguvu. Moto wa wakati huo hukausha maua, huunguza chipukizi, na huacha udongo uchi ukingojea mvua za Novemba zije kuubeba.

Jambo hili lilipimwa. Karibu na Ndola, nchini Zambia, katika miyombo kama hii yetu, wataalamu walitenga viwanja mwaka 1933. Vingine vilichomwa kila mwaka mapema, vingine vilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, na vingine vililindwa visichomwe kabisa. Baada ya miongo kadhaa, viwanja vya moto wa mwishoni vilikuwa karibu nyasi tupu. Vya moto wa mapema vilibaki kuwa msitu. Vilivyolindwa vilisongamana miti na vichaka. Bibi wa Nsemulwa hajawahi kufika Ndola, lakini jibu analo.

NDEGE ZA MAJI NA PICHA ZA ANGANI

Usiku ule kijana wa nyumba, anayesoma sekondari, alitutolea simu yake. Alituonyesha ramani yenye vidoa vyekundu. Kila kidoa ni joto lililoonwa na setilaiti zinazopita juu yetu kila siku. Mbili kati yake, Terra na Aqua, zilirushwa mwaka 1999 na 2002. Magharibi ya Tanzania ilikuwa imejaa vidoa kama mtoto mwenye surua. Habari hizo hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti.

Kisha akatuonyesha video ya ndege za manjano za Ulaya, zinazoteremka juu ya bahari na kuchota maji bila kusimama. Canadair moja huchota lita 6,000 hivi kwa sekunde kama 12, ikaenda kumwaga juu ya moto. "Nesi," akaniuliza, "tungekuwa na hizi, mama angeungua?"

Swali lake lilinifanya nitafute habari zaidi nilipofika nyumbani. Nchi za pwani ya Bahari ya Mediterania nazo zina misitu iliyozoea moto. Huko kuna msonobari ambao baadhi ya makoko yake hufunguka kwa joto la moto na kumwaga mbegu, na mwaloni wenye gome nene linalotengenezewa vizibo vya chupa. Ni ndugu wa mninga kwa tabia. Nchi hizo zina ndege, helikopta, kamera za minarani na ndege ndogo zisizo na rubani. Hata hivyo, Juni 2017, eneo la Pedrógão Grande nchini Ureno, watu 66 walikufa, wengi wao barabarani wakikimbia kwa magari. Julai 2018, katika mji mdogo wa Mati nchini Ugiriki, walikufa 104. Na Agosti 2023, mwezi mmoja tu kabla ya safari yetu, moto wa Evros nchini Ugiriki uliteketeza zaidi ya hekta 80,000 huku ndege zikiruka.

Sababu zake ni nyingi, pamoja na joto la dunia linaloongezeka. Lakini moja ilinigusa. Vijijini kwao watu wamehama. Mbuzi wamepungua, mashamba yameachwa, kuni haziokotwi, na vichaka vimejaa hadi mlangoni mwa nyumba. Kwa miaka mingi nguvu kubwa iliwekwa katika kuzima kila moto, na chakula cha moto kikaendelea kujilimbikiza. Sasa wanarudisha mbuzi kula vichaka, na wanachoma kwa mpango wakati wa baridi. Ureno ilianza mwaka 2018 mpango ambao kijiji humchagua mtu wa kusimamia usalama wa moto, na wanakijiji hufahamu mapema watakusanyika wapi hatari ikija. Kwa lugha yetu, wamemrudia balozi wa nyumba kumi.

Hata hapa kwetu, Mlima Kilimanjaro ulipoungua Oktoba 2020 na eneo la kilomita za mraba 95 hivi likateketea, waliopanda kuzima walikuwa mamia ya askari wa hifadhi, wanafunzi na wananchi wa kujitolea, wengi wakiwa na matawi na majembe. Chombo kizuri ni baraka, na sitaki mtu aseme nimekipinga. Lakini ndege huitwa moto ukishakuwa mkubwa. Robo saa ya kwanza ni ya jirani.

MANENO YA USIKU WA TATU

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kila alfajiri tulimwona mama mmoja jirani akileta ndoo mbili za maji. Aliziweka mlangoni, akaamkia kwa sauti ya chini, akaondoka. Usiku wa tatu, tulipokuwa tumemaliza sala, aliingia akapiga magoti mbele ya mgonjwa. Akasema moto ule ni yeye aliyeuwasha.

Alikuwa akisafisha shamba. Alikusanya mabua na visiki, akachoma saa sita mchana ili awahi kurudi kumpikia mgonjwa wake wa nyumbani. Upepo ukachukua cheche, zikavuka mpaka. Alijaribu kuzima kwa tawi peke yake. Alipoona ameshindwa, alikimbia nyumbani akajifungia. "Niliogopa faini. Niliogopa kufungwa. Ningepiga yowe, wote wangejua ni mimi."

Hakuna aliyesema neno. Tulikuwa tunakumbuka mafundisho ya Mtume Yakobo juu ya ulimi na moto mdogo, ambayo akina mama tunayatumia sana kuonyana juu ya umbea. Usiku ule niliyasikia kwa namna nyingine. Ulimi wa yule mama haukuwasha moto wowote. Uliunguza kwa kunyamaza.

Mgonjwa alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nilijua tangu siku ile. Moshi ulianzia upande wako. Maji umeniletea ya kutosha, mwenzangu. Nilikuwa nangoja maneno."

Walilia wote wawili, na sisi pia. Lakini sitaki nikudanganye kwamba yaliishia kwenye machozi. Mizinga sita ilikuwa imekwisha. Ada ya yule kijana ilitegemea asali. Asubuhi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mzee wa kanisa, walikubaliana jirani alipe mizinga miwili kwa mavuno mawili, na yeye mwenyewe akaomba aingie kikundi cha ufugaji.

WALIYOAMUA

Akina mama wa kikundi kile walikaa chini ya mwembe wakapanga mambo machache, ambayo naona yanafaa popote palipo na miyombo:

1. Hakuna kuchoma shamba kuanzia Agosti hadi mvua zinyeshe. Mabua yalazwe chini yaoze, yawe mbolea.

2. Anayetaka kuchoma achome mapema, jioni, pasipo upepo, akiwa amelima mkanda wa ardhi tupu kuzunguka shamba. Awaarifu majirani na apate ruhusa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaweka masharti juu ya uchomaji wa mimea, na ofisa misitu yupo wa kuulizwa.

3. Eneo la mizinga lifyekwe Mei, nyasi zitolewe chini ya kila mzinga.

4. Mrina asali asiache kienge cha moshi porini kabla hajakizima kwa maji au mchanga.

5. Kila nyumba iwe na fimbo ndefu yenye kipande cha mpira wa gari, reki na ndoo. Moto ukiwa umezidi nguvu, wapige simu ya Zimamoto, namba 114, na wasimame upande ambao moto umetoka, kamwe si mbele yake wala juu ya mteremko.

6. Aliyewasha kwa bahati mbaya akapiga yowe mara moja, asitukanwe. Azimiwe moto kwanza. Mengine yatazungumzwa baadaye.

Hilo la sita lilipingwa sana. Mmoja alisema litawafanya watu wawe wazembe. Mjane mwenyewe ndiye aliyelitetea, mguu ukiwa umefungwa bandeji yangu. "Angepiga yowe siku ile," alisema, "ningekuja kuzima nikiwa na watu kumi. Nilikuja peke yangu."

JUNI

Nilirudi Nsemulwa Juni 2024. Kovu la mwenyeji wangu lilikuwa limevuta ngozi nyuma ya goti, na bado nilimhimiza mazoezi ya kunyoosha mguu, ambayo alikiri huyasahau. Mizinga ilikuwa mitano.

Jioni moja tulikwenda porini na ofisa misitu, bibi, kijana na akina mama kama kumi na wawili. Walikuwa na kibali chao. Bibi alilowesha kidole akapima upepo. Moto uliwashwa kwenye ukingo wa mkanda uliolimwa, ukaanza kutambaa taratibu, miali yake ikifika magotini. Ulipofika kwenye nyasi mbichi ulizimika wenyewe. Waliusindikiza kwa fimbo zao za mpira kama watu wanaochunga mbuzi. Jirani yule alisimama mwisho wa mstari, mahali pagumu kuliko pote, na hakuondoka hadi gogo la mwisho lilipomwagiwa maji.

Saa tatu usiku umande ulikuwa umeanza. Tulirudi tukinuka moshi, mwenyeji wangu akichechemea mbele yetu na tochi.

Dada yangu na mama yangu unayesoma, huenda kwako hakuna mninga wala mtundu. Lakini una jalala unalochoma, una shamba, au una mume anayetupa kipande cha sigara dirishani. Mwezi unaochoma una maana. Saa unayochoma ina maana. Na ikitokea cheche ikakuponyoka, usikimbilie ndani. Toka nje uite watu.